Joto linanipanda usiku, moyo mbio: ni hedhi inakoma au ni tezi ya shingo?

#1 Mama Pacha Kihonda

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 49, mwalimu, niko Morogoro. Tangu mwaka jana hedhi inakuja inavyojisikia: miezi miwili kimya, kisha inarudi mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Usiku naamka nimelowa chapachapa, moto unaanzia kifuani unapanda mpaka utosini, moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa na mbwa. Nywele za mbele zinaisha. Nimeongezeka kilo saba na chakula ni kilekile. Darasani nasahau majina ya watoto ninaowafundisha mwaka wa tatu huu.

Dada zangu wawili jibu lao moja: "Umri huo, vumilia." Miezi mitatu iliyopita nikaenda hospitali kwa kikohozi tu, daktari akanipapasa shingo, akaandika kipimo cha tezi. TSH ikatoka 6.8, T4 ikatoka kawaida. Akanianzishia levothairoksini ya mikrogramu 50, moja kila asubuhi. Choo kilichokuwa kigumu kimelainika, na kusinzia mchana kumepungua. Lakini joto la usiku LIMEZIDI.

Sasa mimi ni mgonjwa wa tezi, au ni hedhi inakoma? Na hii dawa nakunywa ya nini?

#2 Feni Mbovu

Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kigoda.

#3 Kijana wa Tegeta

Samahani, tezi si ugonjwa wa wazee wa kiume?

#4 Bint Tumbatu

#3 hiyo ni tezi dume, iko huko chini kwenu. Inayozungumzwa hapa iko shingoni, chini kidogo ya kikoromeo, ina umbo la kipepeo. Hata wewe unayo. Kaa kimya usome.

#5 Ng'wanashija

Dada, TSH kuwa juu maana yake tezi inafanya kazi kupita kiasi, ndiyo maana una joto. Wamekupa dawa ya kuongeza badala ya kupunguza. Badili hospitali haraka.

#6 Zamu ya Usiku

#5 umegeuza kinyume, na makosa haya yanaumiza watu. Mimi nashinda maabara, naona majibu haya kila siku.

TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Mfikirie mnyapara na kibarua. Kibarua akizembea, mnyapara anapaza sauti: TSH inapanda. Kibarua akizidisha kazi, mnyapara ananyamaza: TSH inashuka. Kwa hiyo 6.8 ni mnyapara ameanza kugomba, maana kiwango cha kawaida ni kama 0.4 mpaka 4, kila maabara na mipaka yake. T4 ndiyo homoni anayotengeneza kibarua mwenyewe; kuwa kawaida maana yake bado anajikongoja, kazi inatoka.

Hali hiyo madaktari hawakubaliani. Wapo wanaoanza dawa ya kujazia homoni hiyo, yaani levothairoksini yako, hapohapo, wapo wanaosema rudia baada ya miezi miwili au mitatu kwanza, kwa sababu mara nyingi inashuka yenyewe. Ikipita 10 ndipo wengi wao wanaandika dawa bila kusita.

Swali kwa mleta mada: umerudia kipimo tangu uanze dawa?

#7 Ng'wanashija

Haya mkuu, nimekubali, nimejifunza. Lakini kama kibarua alikuwa mvivu, joto linatoka wapi? Mvivu wa tezi si huwa anasikia baridi?

#8 Mama Pacha Kihonda

#6 sijarudia. Niliambiwa nirudi baada ya wiki sita, nikaingiliwa na mitihani.

#7 hilo ndilo linalonichanganya. Mchana navaa sweta wenzangu wanapepea, usiku nalala juu ya sakafu.

#9 Feni Mbovu

Mchana sweta usiku sakafu. Shemeji yetu huko nyumbani analala wapi?

#10 Mama Pacha Kihonda

Amehamia chumba cha watoto na feni ameichukua. Tuendelee na mada.

#11 Koti Jeupe

Poleni na majukumu. Nitajibu kwa ujumla tu, matibabu ya mtu hayaandikwi mtandaoni.

Dada, huenda una vyote viwili. Watu wanauliza "ni hiki au kile" kana kwamba mwili unaruhusu kimoja tu. Matatizo ya tezi yanawapata wanawake mara nyingi kuliko wanaume, na yanaongezeka na umri. Hedhi nayo kwa wengi inakoma kati ya miaka 45 na 55. Ukiweka mistari hiyo miwili kwenye karatasi moja, inakutana papo hapo kwenye umri wako.

Dalili zinazofanana: uchovu, kukosa usingizi, kunenepa, kusahau, nywele kukatika, hasira au huzuni, hedhi kuvurugika, moyo kwenda mbio. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 50 anaambiwa "umri" na mambo yanaishia hapo.

Zinazotofautiana kidogo: joto la kukoma hedhi linakuja kwa wimbi, dakika chache, linapita, unabaki na jasho na wakati mwingine baridi. Joto la tezi iliyozidi linakaa siku nzima, na mara nyingi mikono inatetemeka, unakonda huku unakula, choo kinakuwa chepesi. Tezi iliyopungua inaleta baridi, ngozi kavu, choo kigumu, uso kuvimba asubuhi, sauti kukwaruza, mapigo ya moyo kwenda polepole, na mafuta kupanda kwenye damu. Ila nimeona wagonjwa wasiofuata hata moja ya hizo. Bila kipimo tunabahatisha.

#12 Makete Baridi

Daktari #11 umegusa kidonda. Ngoja nisimulie ya mama yangu.

Mama ni wa Makete. Ana rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, tangu usichana, na kijijini kwetu lilikuwa jambo la kawaida, bibi alikuwa nalo, mashangazi walikuwa nalo, hata kwenye picha za harusi utaliona. Chumvi yenye madini joto (ayodini) haikuwepo. Nikiwa mdogo nakumbuka walipita na vidonge vya mafuta yenye madini joto, tukapanga foleni shuleni. Rovu la mama halikuondoka ila halikumsumbua.

Hedhi ilipokoma akiwa na miaka 52 akapata yale majoto, tukazoea. Alipofika 58 yakarudi upya. Tukasema majoto yameamua kurudi. Akaanza kukonda. Anakula ugali sahani mbili na anakonda. Mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika. Majirani wakaanza minong'ono mnayoijua, akapimwa damu mara tatu kwa ugonjwa huo, mara tatu hana. Zahanati moja ikampa dawa ya presha, nyingine ikasema ni sukari. Mwaka na nusu. Aliyekuja kuuliza habari ya shingo ni nesi mwanafunzi, binti mdogo kabisa. TSH chini ya 0.01.

Akawekwa kwenye kabimazoli ya kupunguza kazi ya tezi, na propranololi ya kutuliza moyo. Baadaye akapelekwa Dar, Ocean Road, akanywa madini joto ya mionzi. Tezi ikapoa, ikapoa mno, sasa anameza levothairoksini na atameza maisha yake yote. Lakini amenenepa, anaimba kwaya.

Kwa hiyo dada zako wanaosema vumilia, wasomee hii.

#13 Kijana wa Tegeta

Sasa nimeelewa kitu. Madini JOTO ndiyo yanaleta joto! Jina lenyewe linajieleza. Dada acha chumvi ya dukani, rudi kwenye ya mawe.

#14 Zamu ya Usiku

Nimecheka mpaka bosi amechungulia. Ni jina tu mkuu, halipandishi joto la mwili ukilamba.

#15 Koti Jeupe

Kijana amekosea njia lakini amepita karibu na nyumba yenyewe. Mtu aliyeishi miaka mingi bila madini joto, ana rovu la muda mrefu lenye vinundu, akipata madini joto mengi kwa ghafla, vile vinundu vinaweza kuanza kutengeneza homoni bila kusikiliza amri ya mtu. Lilionekana Zimbabwe na Kivu miaka ya 1990 chumvi ilipoanza kuwekewa madini joto: wagonjwa wa tezi iliyozidi waliongezeka, wengi wao watu wazima wenye rovu la zamani. Huenda mama wa #12 alikuwa njia hiyo, huenda vinundu viliwaka vyenyewe kwa umri.

Hata hivyo USIACHE chumvi yenye madini joto. Bila hiyo tunarudi kwenye mashangazi wa #12, na kwenye watoto wanaozaliwa na akili iliyodumaa.

#16 Kiplabeti wa Kericho

Habarini kutoka Kenya. Pole dada. Swali moja tu: hiyo tembe unameza na nini?

#17 Mama Pacha Kihonda

Na chai ya maziwa. Nawahi kipindi cha kwanza.

#18 Kiplabeti wa Kericho

Hapo ndipo shida ilipo! Mimi nilimeza na chai miaka miwili, TSH ikakataa kushuka, daktari akaongeza dozi mara mbili. Sisi huku chai ni damu. Kumbe maziwa, kahawa, hata hiyo chai yenyewe, hushika dawa tumboni isiingie vizuri. Sasa naamka saa kumi na moja, nameza na maji matupu, nangoja saa nzima ndipo nachemsha chai. Na vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu unakaa navyo mbali, masaa manne. Dozi ilibidi ipunguzwe maana ghafla dawa yote ilikuwa inaingia.

#19 Feni Mbovu

Mtu wa Kericho kukaa saa nzima bila chai? Hii nayo ni chai.

#20 Kiplabeti wa Kericho

😂😂 Kweli tupu. Wiki ya kwanza nilikosana na kila mtu nyumbani.

#21 Ng'wanashija

Lakini #18, kama chai inazuia dawa isiingie, basi mleta mada anapata dawa KIDOGO, na yeye joto limezidi. Kama ni dawa kuzidi, chai ingemsaidia. Hesabu yako haifungi.

#22 Zamu ya Usiku

#21 leo umeamka vizuri. Ni kweli haifungi. Labda siku za wikiendi anameza bila chai, dawa inaingia nyingi, siku za shule inaingia kidogo. Hiyo ya kupanda na kushuka nayo si nzuri. Mleta mada, rudia kipimo.

#23 Bint Tumbatu

Naomba niulize wakati mpo hapa. Nina miaka 51, nameza dawa hii tangu nijifungue mwanangu wa mwisho. Ramadhani huwa navurugikiwa. Nikimeza daku nakula hapohapo. Nikifuturu na dawa, tende na uji vinafuata. Mnafanyaje?

#24 Dada wa Muscat

Wa alaykum salaam ingawa hujatoa 😄 Mimi huku Oman tuko wengi wenye shida hii, daktari wetu anatupa njia mbili. Meza kabla ya kulala, masaa matatu tangu ule chakula cha mwisho. Au adhana ya Magharibi ikilia fungua swaumu kwa dawa na maji, sali, kisha baada ya nusu saa ndiyo futari. Mimi nimechagua ya kulala, kwani kuitazama sambusa nusu saa nzima ni mtihani mwingine.

Na mimi nina yangu kwa mleta mada. Nina 53. Dozi yangu ilitulia miaka sita. Majoto yalipokuja nikapewa vidonge vya homoni ya estrojeni, majoto yakaondoka ndani ya mwezi. Baada ya miezi miwili nikaanza kuchoka, ngozi kama karatasi. TSH ikawa 9. Nikaelezwa estrojeni ya kumeza inapita kwenye ini, ini linatengeneza zaidi ile protini inayobeba homoni ya tezi kwenye damu, inayobaki huru kwa matumizi inapungua. Dozi ikaongezwa kidogo. Mwenzangu anayetumia ya kubandika kwenye ngozi hakupata hilo. Hivyo ukianza tiba ya majoto mwambie daktari kuwa unameza ya tezi, asijue kwa bahati.

#25 Mume wa Mtu

Naona wanaume wachache humu. Mke wangu ana 47, hasira za ghafla, akisema kitu ni moto. Je hiyo ni tezi?

#26 Makete Baridi

#25 kwanza tuambie ulifanya nini.

#27 Bint Tumbatu

Ndiyo, tupe upande wa pili wa kesi.

#28 Mume wa Mtu

Nimejuta kuuliza. Nitampeleka akapime.

#29 Tiba ya Asili Original

Wote mnazunguka. Dawa ya tezi ni mwani wa Zanzibar. Rojo la mwani, vijiko viwili asubuhi na jioni, lina madini yote 92, linasawazisha homoni za hedhi na za tezi. Achaneni na kemikali. Njooni inboksi.

#30 Bint Tumbatu

Ndugu #29, mimi ni wa kisiwani. Mama zetu wanalima huo mwani, wanasimama kwenye maji ya kiuno, wanaanika, wanauza kwa magunia. Sijamwona hata mmoja aliyekuwa anaunywa kutibu shingo. Umeanza kuwa dawa ulipofika Kariakoo kwenye kopo.

#31 Koti Jeupe

Mwani una madini joto, na kiasi chake hakitabiriki, kopo halisemi. Tezi yenye hitilafu ikimwagiwa madini joto mengi inaweza kuzimika zaidi au kuwaka zaidi. Mimi kwa mgonjwa wangu nakataa.

#32 Mama Pacha Kihonda

Jamani.

Mimi nakunywa huo mwani. Mwalimu mwenzangu anauza. Miezi miwili sasa.

#33 Feni Mbovu

Aisee.

#34 Zamu ya Usiku

Dada, kuna kingine hujatuambia? Unatumia nini kwa hizo nywele?

#35 Mama Pacha Kihonda

Vidonge vya nywele na kucha, vya pinki, nilitumiwa na binamu yangu aliye Uingereza.

#36 Zamu ya Usiku

Soma kopo, tafuta neno biotini, ni vitamini inayowekwa kwenye vidonge vya nywele. Kama ipo nyingi, majibu yako ya maabara yanaweza kudanganya. Mashine nyingi zinatumia hiyohiyo biotini ndani ya kipimo, ukija nayo kwenye damu inazivuruga: TSH inatoka chini kuliko ilivyo, T4 inatoka juu kuliko ilivyo. Yaani mtu asiye na ugonjwa kabisa anaonekana tezi imezidi. Nimeshuhudia mama mmoja nusura aanzishiwe kabimazoli kwa sababu ya vidonge vya kucha. Acha angalau siku mbili kabla ya kupima, zaidi kama dozi ni kubwa.

#37 Ng'wanashija

Uzi huu umenifanya niogope hata kopo la maziwa.

#38 Makete Baridi

Nje kidogo ya mada: dawa mnaitunzaje? Mama alikuwa anaiweka dirishani jikoni, jua lote linaipiga. Mfamasia akasema joto na unyevu vinaichosha, ikae kwenye pakiti yake mahali pakavu penye kivuli. Mnaokaa Dar na kuacha dawa kwenye gari, mjue.

#39 Mume wa Mtu

Tumerudi. TSH ya mke wangu ni 2.1. Safi kabisa. Daktari akamwambia ni hedhi inaelekea kukoma, na akaniambia mimi nisaidie kazi za nyumbani.

#40 Bint Tumbatu

Daktari huyo yuko wapi tumpelekee zawadi.

#41 Mama Pacha Kihonda

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilienda kupima siku mbili baada ya uzi huu. Kipimo: TSH 0.2. T4 iko ukingoni juu. Moyo umepimwa kwa mashine, mapigo ni 98 nikiwa nimekaa ila yako sawasawa.

Daktari amepunguza dawa kuwa 25, akasema ikizidi kwa mwanamke aliyekaribia kukoma hedhi inakula mifupa na inaweza kufanya moyo upige ovyo. Nimeambiwa nipime tena baada ya wiki sita, dawa haionyeshi kazi yake yote kabla ya hapo. Mwani nimerudisha kopo, vidonge vya pinki nimeacha, chai nimeisogeza saa moja mbele.

Joto la usiku limepungua. Juzi nimelala mpaka saa kumi bila kuamka.

#42 Koti Jeupe

Habari njema. Hivyo vidonge vya pinki uliacha kabla ya kipimo, au baada?

#43 Mama Pacha Kihonda

Baada 🙈 Asubuhi ile nilimeza kwa mazoea.

#44 Zamu ya Usiku

Basi hiyo 0.2 siiamini hata kidogo.

#45 Ng'wanashija

Yaani umepunguza dawa, umeacha mwani, umeacha vidonge, umehamisha chai, vyote ndani ya wiki moja. Na hedhi nayo je?

#46 Mama Pacha Kihonda

Imerudi Jumapili, baada ya siku 70.

#47 Ng'wanashija

Na hedhi imerudi! Sasa tutajuaje kilichopunguza joto ni kipi?

#48 Dada wa Muscat

Mimi nasema hedhi. Majoto yangu yalikuwa yanapumzika kila damu ikija.

#49 Kiplabeti wa Kericho

Dozi. Mapigo 98 umekaa? Hiyo ni dawa ilizidi. Lakini chai iendelee kukaa mbali.

#50 Makete Baridi

Mwani. Na shingo yako ipapaswe tena, kama kuna vinundu upigwe picha ya mawimbi ya sauti (ultrasound).

#51 Mama Pacha Kihonda

Picha nimeandikiwa, Ijumaa. Wiki sita zikiisha nitaleta namba, na asubuhi hiyo simezi kitu.

#52 Feni Mbovu

Na feni imerudi?

#53 Mama Pacha Kihonda

Feni imerudi. Mwenye feni bado.